Seli za neva zimegoma kunyooka: pa kuanzia kutafuta tatizo

"Shikamoo mama. Seli zimegoma tena."

Ni nadra Jumatatu kupita bila mwanafunzi kuniingilia na maneno hayo, ameinua kisahani cha plastiki kama mtu anayerudisha chakula mgahawani. Sijamaliza kuitikia marahaba, ameshatoa hukumu: NGF imeharibika. Hiyo ni protini inayochochea ukuaji wa neva, kitu ghali kuliko vyote kwenye friza letu, na labda ndiyo maana hulaumiwa kwanza. Kwa miaka niliyofanya kazi kwenye maabara hii ndogo hapa Mwanza, dirisha moja likitazama ziwa na jingine likitazama jenereta, nimeikuta NGF na hatia mara chache mno. Mara nyingi seli imekosa pa kukanyaga, au imekanyaga pasipoifaa, au kuna kitu kinaivuta yenyewe bila sisi kujua.

Haya ni maelezo kwa wanaootesha neva za kifaranga, zile za vifundo vilivyo pembeni ya uti wa mgongo, juu ya kioo au juu ya jeli. Nimezipanga dalili jinsi zinavyoletwa mlangoni kwangu.

Kabla ya yote: seli inavutaje

Aksoni, uzi mrefu ambao seli ya neva huutoa, hairefuki kama nywele, kwa kusukumwa kutoka shinani. Mbele yake kuna kitu mfano wa kiganja, ncha ya ukuaji, ambayo Santiago Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890 kwa kutazama vipande vya kiinitete vilivyotiwa rangi, bila kuiona ikitembea. Ina vidole vyembamba, filopodia, vinavyotoka, vinapapasa, vinashika, vinarudi. Ndani yake nyuzi za aktini zinajengwa upande wa mbele na kuvutwa nyuma muda wote na injini za mayosini.

Aliyewahi kuona watu wakivuta kokoro ufukweni hahitaji mchoro. (Kokoro limepigwa marufuku, najua. Natoa mfano tu.) Mikono inavuta kamba, lakini kinacholeta wavu nchi kavu ni kisigino kilichozama mchangani. Mguu ukiteleza, unaweza kuvuta hadi jua lizame, utakachopata ni kujichosha. Miguu ya seli ni protini ziitwazo integrini. Kwa nje zinashika laminini, protini tunayoipaka sakafuni, kwa ndani zinaungana na kamba ya aktini kupitia protini nyingine, talini na vinkulini. Mguu ukishika, nguvu inaingia sakafuni na ncha inasonga mbele. Usiposhika, kamba inakimbilia nyuma na ncha imebaki palepale. Tangu Mitchison na Kirschner walipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1988, watafiti huliita klachi, na kila dereva wa daladala anajua maana yake: injini inanguruma, gari halipandi mlima wa Bugando.

Nguvu yenyewe ni ndogo ajabu. Ncha moja huvuta kwa nanonewtoni 1 hivi, wakati mwingine chache zaidi. Mbu mwenye uzito wa miligramu 2 anakandamiza meza kwa nguvu kubwa kuliko hiyo mara 20,000. Kumbuka mbu huyo ukifika kwenye habari ya jenereta.

Yai halina kitu

Umenunua mayai ya kisasa dukani. Kuku wale hawajawahi kuonana na jogoo. Tafuta mfugaji wa kienyeji mwenye jogoo, yaweke kwenye mashine ya kutotolesha kwa nyuzi 37.5 hadi 38, na siku ya nne yapige tochi gizani: ukiona mishipa kama utando wa buibui, lina kiinitete. Vifundo tunavichukua siku ya nane. Tumeendelea.

Seli zimekaa lakini ni duara, hazina aksoni hata moja

Hii ndiyo dalili ya Jumatatu, na hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Swali la kwanza ninalouliza ni moja tu: zile za kwenye kioo zikoje? Kila mara otesha seli za yai lilelile kwenye kioo kilichopakwa polilisini (gundi ya seli) na laminini, kando ya zile za jeli. Kama hata za kwenye kioo zimegoma, shida iko kwenye seli au chakula, yaani majimaji tunayozioteshea. Kama za kwenye kioo zimetoa aksoni na za kwenye jeli ni duara, basi NGF ni ileile, chakula ni kilekile, kilichobadilika ni sakafu. Binti wa Jumatatu iliyopita alikuwa na jibu hilo mkononi mwake, visahani viwili, na bado aliniambia NGF.

Jeli ya poliakrilamidi ina tabia ambayo mgeni haitegemei: protini haziishiki. Laminini uliyoimwaga juu yake inaoshwa na maji ya kwanza. Ni mwamba wenye utelezi. Lazima kwanza upake kemikali ya kuunganisha, ile inayoamshwa kwa mwanga wa urujuanimno, ndipo laminini ifungwe kwa kifungo cha kweli. Kemikali hiyo huharibika kwa mwanga na ikikaa majini, kwa hiyo ukiichanganya asubuhi ukaitumia baada ya chai, umepaka maji. Binti wetu aliruka hatua hiyo kabisa, akidhani polilisini itatosha kama inavyotosha kwenye kioo. Seli zake zilikuwa hai, zimeshiba, na hazina pa kuweka mguu.

Hili si jambo jipya. Ross Harrison, aliyekuwa wa kwanza kuonyesha uzi wa neva ukikua nje ya mwili, mwaka 1907, akitumia kiinitete cha chura ndani ya tone la limfu, alirudi mwaka 1914 na utando wa buibui. Alionyesha kwamba seli zinahitaji kitu kigumu cha kutambaa juu yake, kwamba haziogelei tu kwenye majimaji. Utando wa buibui! Sisi tunalalamikia bei ya laminini.

Kama kifungo kilifanyika vizuri, angalia kama jeli ilioshwa. Akrilamidi iliyoshikamana haina madhara, lakini ile iliyobaki bila kushikamana ni sumu, na kwa bahati mbaya ni sumu ya neva hasa, inaanza kuua nyuzi ndefu kutokea ncha. Osha mara tatu au nne, uiache ndani ya bafa (maji ya chumvi yasiyobadilika uasidi) usiku kucha, ubadilishe, uoshe tena. Na wewe vaa glavu; neva zako pia ni neva.

Kisha laminini. Inatakiwa kuyeyushwa taratibu juu ya barafu. Ukiitoa friza na kuishika mkononi ili iwahi kuyeyuka, inaganda mabonge na sakafu yako inakuwa na visiwa: hapa imejaa, pale hamna kitu. Dalili yake ni seli kumea kwenye madoa madoa.

Kisha tripsini, kimeng'enya tunachotumia kutenganisha seli. Ukikiacha muda mrefu kinakula na protini za juu ya seli, yaani kinakata miguu yenyewe. Seli kama hizo hushindwa kushika siku ya kwanza, halafu siku ya pili zinaanza kupata nafuu zikishajenga miguu mipya. Ukiona nafuu ya namna hiyo, punguza dakika.

Baada ya hayo yote ndipo uiguse NGF, na kipimo chake hakihitaji mashine. Weka vifundo vizima, visivyotenganishwa, viwili kwa NGF na viwili bila, juu ya kioo chenye laminini. Baada ya saa 24 vyenye NGF vinatakiwa kuwa vimezungukwa na taji la nyuzi kama miale ya jua. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha Rita Levi-Montalcini, aliyepata Nobeli mwaka 1986 pamoja na Stanley Cohen. Wakati wa vita, akiwa ameshafukuzwa kazini kwa sababu ya Uyahudi wake, aligeuza chumba chake cha kulala kule Turin kuwa maabara na kufanyia kazi viinitete vya kuku. Nawaambia wanafunzi habari hiyo kila wanapolalamikia chumba chetu.

Aksoni zipo, ila kwenye jeli laini ni fupi na zimepindapinda

Pengine hapa hakuna kosa lolote. Umekuja kulalamika na matokeo mkononi.

Ugumu hupimwa kwa paskali. Ubongo uko kwenye mamia ya paskali hadi kilopaskali 1 hivi, laini karibu na maziwa mgando. Msuli ni kama kilopaskali 10. Plastiki ya kisahani chako ni gigapaskali 3, yaani zaidi ya mara milioni ya ubongo. Kwa hiyo yule anayesema "kwenye plastiki zinakua vizuri, kwenye jeli zinakua vibaya" amepotoka tangu mwanzo: hakuna neva mwilini iliyowahi kutembea juu ya plastiki.

Mwaka 2016 kundi la Kristian Franze kule Cambridge lilionyesha jambo hili kwa neva za jicho la chura Xenopus. Juu ya sakafu ngumu zaidi aksoni zilikwenda haraka, zimenyooka, zimeshikamana mafungu. Juu ya laini zilikwenda polepole, zikipapasa huku na huku. Halafu wakatazama ndani ya ubongo wa kiinitete chenyewe, wakakuta njia ya aksoni hizo ina upande mgumu na upande laini, na aksoni zinakata kona kuelekea upande laini. Fikiria mtumbwi wenye wapiga kasia wawili: wa kulia akipiga kwa nguvu zaidi, mtumbwi unageukia kushoto. Walipovuruga ugumu huo, au walipopunguza Piezo1, mlango wa utando wa seli unaofunguka ukikazwa, aksoni zilipotea njia. Chura wa ukoo huohuo, Xenopus victorianus, anaishi kwenye madimbwi ya kandokando ya ziwa hili. Siku moja nitapata kibali cha kumtumia badala ya mayai.

Kwa hiyo kabla ya kusema kuna tatizo, hakikisha jeli ina ugumu unaoudhani. Mchanganyiko wa akrilamidi asilimia 3 na bisi (kiungo kinachoishikanisha) asilimia 0.1 huleta chini ya kilopaskali 1. Asilimia 10 na 0.1 huleta kama 10. Hiyo ni kama kila kitu kimeshikana. Persalfeti ya amonia, inayoanzisha kuganda, hunyonya unyevu, na chupa iliyofunguliwa tangu masika iliyopita imeshachoka. Oksijeni nayo huzuia jeli isishikane, ndiyo maana tunaondoa hewa kwanza. Jeli ikichelewa kuganda, usijipongeze kwamba hatimaye imeganda. Itupe. Itakuwa laini kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi yako na hutajua kwa kiasi gani.

Kosa la kinyume ni jeli nyembamba mno. Ikiwa na unene wa maikromita chache tu, seli inahisi kioo kilicho chini, kama mgongo unavyohisi mbao kupitia godoro lililochoka. Mimi sikubali chini ya maikromita 70.

Na usilinganishe neva zako na za mwenzako anayeotesha za ubongo. Neva za hisia za pembeni zinavuta kwa nguvu na zinajali sana ugumu wa sakafu. Za hipokampasi, sehemu mojawapo ya ubongo, zinavuta kidogo na karibu hazijali. Hata za ubongo wa mbele wa kuku zina mambo yake: mwaka 2008 Chan na Odde walionyesha kwamba juu ya sakafu ngumu klachi yake huteleza mfululizo, na juu ya laini hushika, ikajaa mzigo, ikaachia ghafla, ikaanza upya. Ukitazama kwa darubini ukaona vidole vinavuta na kuachia, vinavuta na kuachia, usikimbilie kubadili chakula.

Jumatano zilikuwa nzuri, Alhamisi zimekunjamana mafundo

Aksoni iliyokua ni kamba iliyokazwa. Ukiing'oa sehemu moja, yote inarudi nyuma kama ulimi wa kinyonga. Kwa hiyo tafuta nani kaing'oa.

Aghalabu ni wewe, kwa pipeti. Kubadilisha chakula kwa mkupuo mmoja katikati ya kisahani ni kumwaga ndoo ya maji juu ya utando wa buibui. Gusa ukuta wa kisahani, toa nusu, rudisha nusu, polepole. Baadaye ni jeli yenyewe: kioo cha chini kikiwa hakikuandaliwa vizuri, ukingo wa jeli hubanduka na kuvutavuta kila kilicho juu yake.

Halafu kuna fibroblasti. Hizi ni seli nyingine zinazokuja na kifundo, zina nguvu kuliko neva, zinazaana, na zikikazana zinakusanya sakafu nzima kama mtu anayekunja mkeka. Mwanzoni acha mchanganyiko saa moja au mbili kwenye plastiki tupu. Fibroblasti hushika haraka, neva bado zinaelea, nawe unachota neva na kuwaachia wengine chumba.

Mwisho, baridi. Mifupa ya ndani ya aksoni, maikrotubuli, huvunjika ikipozwa sana. Umeme ukikatika usiku mmoja wa Mwanza si baridi ya kuvunja, inkubeta hushuka taratibu na ukuaji unapungua tu. Lakini mwanafunzi aliyeweka kisahani kwenye friji "ili kisiharibike" mpaka umeme urudi, alizivunjia seli mifupa kwa nia njema.

Ninavuta kwa sindano, aksoni inakatika

Jaribio hili ndilo ninalolipenda. Unashikisha ncha ya ukuaji kwenye sindano ya kioo iliyopakwa laminini, unaivuta, na aksoni inakua kwa sababu ya kuvutwa. Dennis Bray alilifanya mwaka 1984 kwa neva za kifaranga. Mwaka 1989 kundi la Heidemann likaonyesha moja kwa moja kwamba ncha yenyewe inavuta. Lakini Paul Weiss alikuwa ameshahisi jambo hilo mwaka 1941: neva ikishafika kwenye kiungo, ncha haipo tena, bado mtoto anarefuka. Nani anairefusha neva ya mguuni? Mguu wenyewe, kwa kuivuta.

Kama inakatika, uwezekano mkubwa ni kwamba una haraka. Mwaka 2004 Pfister na Smith, Pennsylvania, walifikisha aksoni za panya kwenye kasi ya milimita 8 kwa siku na urefu wa sentimita 10 bila kukatika, wakati zikijikuzia zenyewe huenda milimita 1 hivi. Siri yao ilikuwa kuongeza kasi kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Aksoni inayovutwa hujenga mwili mpya katikati yake, na kiwanda hicho kinahitaji muda wa kuongeza uzalishaji. Ukianza na kasi ya mwisho unanyoosha kilichopo mpaka kinakwisha. Anza na isiyozidi milimita 1, ukiona haipungui unene, panda.

Kama inakatika hata kwa kasi ndogo, na hasa kama inakatika saa ambazo umeme umekatika, nenda dirishani ukaangalie jenereta. Tulipoteza majaribio ya wiki tatu kabla mtu hajaweka glasi ya maji juu ya meza na kuona viduara vinacheza. Ncha inavuta kwa nanonewtoni 1; meza inayotetemeka inaitikisa kupita hapo. Meza za kuzuia mtetemo bei yake sitaitaja. Yetu ni bamba la jiwe, maana mawe Mwanza hayanunuliwi mbali, limelala juu ya mpira wa ndani wa pikipiki uliojazwa upepo nusu. Glasi imetulia tangu siku hiyo.

Dawa ya kuziba Piezo haibadilishi kitu

Milango ya Piezo iligunduliwa mwaka 2010 na Bertrand Coste na Ardem Patapoutian, na Patapoutian akapata Nobeli mwaka 2021. Ikikandamizwa au utando ukikazwa, inafunguka na kuingiza kalisi. GsMTx4, peptidi ya sumu ya buibui mkubwa, huizuia, lakini hunata kwenye plastiki, kwa hiyo kiasi ulichoweka sicho kilichofika kwenye seli. Pia haichagui vizuri. Inazuia na milango mingine inayohisi mvuto. Na kama hujaweka sakafu mbili za ugumu tofauti, unategemea dawa ibadilishe nini?

Chakula kimegeuka zambarau

Hili limenisumbua kuliko nilivyopenda, kwa sababu kila kitabu kinasema asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi na mashine ilionyesha 5. Vitabu viliandikwa pwani. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 87 ya kule chini. Asilimia 5 ya hewa nyepesi ni gesi kidogo kuliko asilimia 5 ya hewa nzito, kwa hiyo bikabonati iliyomo kwenye chakula inashinda, chakula kinakuwa na ubesi, na rangi yake ya kupimia inageuka zambarau. Angalia kwanza kama mashine yako ina marekebisho ya mwinuko. Kama haina, na kipimo chake kimesahihishwa kwa hewa ya hapa, weka 5.7 au 5.8 na utazame rangi irudi kwenye wekundu. Binti wa Dar aliyehamia kwetu mwaka jana alibishana nami siku mbili juu ya hili, mpaka nilipompa karatasi za kupimia.

Ukungu

Mwezi ukiandama, wadudu wa ziwani hupanda kama moshi na kufuata taa, na ukungu huingia nao. Zima taa ya chumba cha seli usiku, ziba uwazi chini ya mlango kwa tambara lenye spiriti, na kisahani chenye hata kiuzi kimoja cha ukungu usikifungue kukichungulia. Kipelekwe nje kikiwa kimefungwa.